Kaburi Lenye Jina Lako

S.L.P. 41,
Makambako,
Njombe.

14 Julai, 2024.

Mpendwa kaka Lameki,

Kamwene, kaka. Nakusalimu kwa upendo nikiwa hapa Makambako, mzima wa mwili. Natumaini wewe, shemeji Jackline na watoto hamjambo huko Mpanda, na kwamba shule zilipofungwa mwezi wa sita ulipata kupumzisha koo la ualimu. Huku ni Julai ile ile unayoijua. Asubuhi umande unaganda juu ya majani ya viazi kama chumvi, na mtu hatoki ndani mpaka jua lipande.

Mama yupo Kidugala, anaendelea vizuri. Kifua kilimsumbua mwezi wa tano lakini alipata dawa, na sasa ameshaanza kwenda shambani peke yake, tumemkataza tumeshindwa. Angela wangu naye hajambo. Yule mtoto wetu uliyemwacha anatambaa ameanza shule, na anajua kuandika jina lake, ila anaanzia mwisho.

Najua umenikasirikia. Mama aliniambia ulivyomuuliza, "Huyo Remmy amekuwa mtu gani, kila nikipiga simu yuko bafuni?" Una haki ya kuuliza hivyo. Lakini si kiburi, kaka, wala sijakuchukia. Ni sauti yako. Mama anaponinyooshea simu na kusema, "Huyu hapa Lameki, anataka kukusalimu," nakimbilia bafuni, kwa sababu mimi Lameki nilikwisha kumzika. Nilimfukia kwa beleshi, kwa mikono hii inayoandika.

Tafadhali keti, kaka, uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote. Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali kabla sijamaliza, nami ningetoa uongo mwingine. Nimeuzoea mno. Unatoka wenyewe kabla sijaujua.

Unamkumbuka Tarsis Mtweve, yule Mpangwa wa Lugarawa niliyekuja naye nyumbani Pasaka ya mwaka 2019, akamsaidia mama kuezeka jiko? Wewe ulikuwapo. Watu pale kanisani walikuuliza kama ni mdogo wako mwingine, kwa jinsi mlivyofanana paji la uso na masikio, na wewe ukajibu kwamba ni ndugu yetu aliyepotelea kwa Wakatoliki. Alicheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye ninayetaka kukueleza habari zake.

Tulifanya kazi ya mbao pamoja miaka sita hapa Makambako. Mimi nilikuwa mnoaji wa misumeno, yeye aliendesha dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayokokotwa kutoka shamba hadi shamba. Alikuwa fundi kweli. Alikuwa akigonga gogo kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa kama daktari, halafu anasema, "Hili lina fundo katikati, ligeuzeni." Na fundo likawapo. Niliposhikwa na homa ya matumbo, kabla sijaoa, yeye ndiye aliyenifulia na kunipikia uji wiki mbili, akinidhihaki kwamba Walutheri wanaugua kwa sababu ya kukaa sana kwenye mahubiri.

Mapema mwaka jana kazi ilidorora. Mashamba mengi ya paini yalikuwa yamekwisha kukatwa na miti iliyobaki ni michanga. Ndipo alipokuja Mmalawi mmoja, bwana Gondwe, kununua mashine. Alituona tukifanya kazi, akatuambia kwao kaskazini ya Malawi kuna msitu mkubwa wa paini lakini mafundi ni wachache, akatuomba twende sisi wawili kwa mwaka mmoja.

Mimi nilikuwa na pasipoti. Tarsis hakuwa na karatasi yoyote duniani. Nyumba yao iliungua akiwa mtoto mdogo, na cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kufuatiliwa. Bila hicho hakuweza kupata vingine. Aliniambia, "Nenda, Remmy. Mimi nitakufuata nikipata changu." Alisema vizuri tu, bila kinyongo. Mimi ndiye niliyekataa. Niliogopa kwenda peke yangu. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine: wazo halikuwa lake, lilikuwa langu.

Ile pasipoti uliyoikata ulipotaka kwenda kusoma Uganda, ukaiacha kwenye sanduku la mama, haikuliwa na panya. Mwaka jana mwezi wa nane ulipompigia mama akaitafuta siku nzima, akatoa nguo zote nje, akalia kwamba uzee umemharibia kumbukumbu, pasipoti yako ilikuwa Malawi ndani ya mfuko wa Tarsis. Niliichukua mimi, siku ya mnada, mama akiwa ameenda kuuza maharage. Namna tulivyovuka mpaka nimeshaiandika kwenye maelezo yangu kwa wahusika, sitaki kuirudia hapa.

Basi tukakaa huko miezi minane. Kambi ilikuwa juu mlimani, vibanda vya mabanzi, ukungu asubuhi, harufu ya utomvu. Ukifumba macho ungesema uko Lupembe. Wenyeji ni Watumbuka, watu wapole, salamu nyingi. Ukimpa mtu njia tu anasema "yewo," amekushukuru. Walitupenda. Walituita wale ndugu wawili wa Tanzania, a Remmy na a Lameki, hiyo "a" kwao ni ya heshima.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba jina la Tarsis libaki nyumbani. Wiki ya kwanza nililitaja kwa bahati mbaya mbele ya Gondwe, ikabidi niseme ni jina la mbwa wetu. Tarsis alicheka, lakini jioni hakula. Tangu siku hiyo nikajizoeza kumwita Lameki hata tukiwa wawili tu, hata tukiwa mtoni tunafua. Nilifanya hivyo kwa usalama wetu. Mwezi wetu wa tatu huko ulipofika sikuwa najizoeza tena. Lilikuwa ndilo jina lake.

Na yeye akalivaa. Watu walipouliza habari za nyumbani alizungumza habari za Kidugala, za mama yetu, za baba alivyofariki. Alikuwa akiniuliza mambo yako nikiwa nanoa misumeno: ulisoma wapi, ulivunjika mkono gani, mwalimu gani alikupenda. Nilimweleza yote. Siku moja nilimsikia akimsimulia mke wa Gondwe jinsi alivyoanguka kwenye mti wa mfyulisi akavunjika mkono wa kushoto, na alivyosimulia, kaka, hata mimi niliona unaanguka wewe na nikaona anaanguka yeye. Mama yule akamshika mkono wa kushoto akampa pole.

Jumapili moja nilimuuliza mbona hapokei komunyo tena. Kulikuwa na kigango bondeni na yeye hakuwahi kukosa misa, lakini alikuwa akikaa benchi la nyuma na kutoka kabla. Akaniambia, "Nitapokeaje nikiwa Lameki? Tukirudi nitaenda kuungama Lugarawa kwanza." Kisha akaongeza jambo ambalo sijalisahau. "Juzi pale dukani mtu alimwita mwenziwe Tarsis, nadhani ni mtu wa Karonga kule mpakani. Mimi sikugeuka. Nimefika kambini ndiyo nashtuka, kumbe lile ni langu."

Nikamwambia miezi minne si mingi, itaisha.

Ilikuwa tarehe kumi na mbili Desemba. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na magogo tulikuwa tumeyapanga mtelemkoni juu ya mashine, kama tunavyofanya siku zote. Yeye alikuwa ameinama anafunga mkanda. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Nililiona gogo la chini linateleza. Nilipiga kelele, na nilichopigia kelele ni jina lako. "Lameki!" Akainua kichwa. Huwa nakaa nikijiuliza kama alichelewa. Huwa nakaa nikijiuliza kama mtu anageuka upesi zaidi akiitwa jina alilopewa na mama yake. Gogo lilimbana kifuani na fremu ya mashine.

Tulimpakia kwenye lori tukamfikisha hospitali ya misheni, mwendo wa saa mbili. Daktari alifanya yote aliyoweza, simlaumu mtu. Aliniambia mapema kwamba mbavu zimeingia ndani na nijiandae. Nilimwelewa.

Kesho yake asubuhi alikuwa na nafuu kidogo, kama wanavyokuwa walio karibu kuondoka. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Muuguzi alikuwa mtu wa Karonga, Kiswahili alikijua. Mlangoni alikuwa amesimama askari na daftari, amekuja kuandika habari za ajali, na mkononi ana pasipoti yako. Muuguzi akamwinamia mgonjwa akamuuliza kwa wingi, kama wanavyoheshimu kwao, "A Lameki, mnaumwa wapi zaidi?"

Akafumbua macho. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu mwenye akili zake zote, "Dada, mimi siitwi Lameki. Naitwa Tarsis. Niitieni padre."

Muuguzi akanitazama mimi. Askari naye akanitazama.

Kaka, ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu. Nikasema, "Anaweweseka, dada. Huyo Tarsis ni rafiki yetu wa nyumbani. Huyu ni kaka yangu Lameki. Sisi ni Walutheri, padre si wetu."

Tarsis hakubisha. Aligeuza uso akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira; hasira ningeweza kuibeba. Aliniangalia kama mgeni aliyeuliza njia akaelekezwa porini na mwenyeji. Akasema kwa sauti ndogo, "Remmy, basi niite wewe."

Askari alikuwa bado yupo. Nikamwekea mkono begani nikamwambia, "Tulia, Lameki."

Akafumba macho. Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, watu wa wodini wakinywa uji, akafariki.

Utaniuliza kwa nini sikumleta nyumbani. Gondwe alikuwa tayari kutoa gari. Lakini ningevusha maiti yenye jina lako, nimfikishe kwa nani? Nipige simu kwa mama Kidugala nimwambie naleta nini? Nikasema sisi nyumbani hatuna mtu tena, baba alifariki zamani na mama naye nimepata habari amemfuata. Ndiyo, kaka, nilimuua na mama. Wakamzika kwenye makaburi ya kijiji kile, mchungaji wa Kipresbiteri akasoma, watu wengi walikuja, wanawake waliimba vizuri sana. Mke wa Gondwe alinishika mkono muda wote. Msalaba ulichongwa kwa mbao tulizopasua wenyewe. Umeandikwa LAMEKI MLOWE, na chini mwaka wako wa kuzaliwa. Wakaniambia nitupe udongo wa kwanza, niseme neno la kumuaga kaka yangu. Nikasema, "Kwaheri, Lameki." Watu wakalia.

Nilirudi Januari. Pasipoti yako ilibaki kwa serikali ya kule, pamoja na taarifa ya kifo. Mimi nilipewa cheti kimoja cha kifo. Kwa hiyo upande ule wa mpaka, kwenye vitabu vyao, wewe ni marehemu.

Mama yake Tarsis anaitwa Mama Dafroza. Ni mjane, anaishi karibu na misheni Lugarawa na Elius, mdogo wake Tarsis. Aliponipigia simu kuuliza mwanawe, nilimwambia hakurudi, amepata kazi nzuri zaidi akaendelea mbele mpaka Afrika Kusini, simu yake imepotea, atapiga. Akasema, "Mungu ni mwema." Kila alipopiga nilimtengenezea habari mpya. Nilimwambia amenenepa. Nilimwambia anaimba kwaya huko.

Siku hizo ndipo mambo yalipoanza kunishika. Siwezi kusimama karibu na dingdong ikiwashwa. Kabla msumeno haujauma gogo huwa unalia kidogo hewani, na mimi nasikia, "Niite." Si saa za giza wala si ndotoni. Ni mchana kweupe, watu wapo, jua linawaka. Mara tatu nimeacha kazi nikatembea mpaka barabara kuu. Kuna siku pale stendi mtu aliita, "Wewe Tarsis, njoo!" nami nikaitika. Nikaitika mimi, kaka, kwa sauti, "Naam!" Na mwenye jina, kijana mmoja wa viazi, akanishangaa. Sasa hivi nauza misumari na mabati dukani kwa mtu. Nilimwambia Angela mgongo umenichosha.

Na wewe ukawa unapiga simu.

Mwezi wa tano, siku ya Alhamisi, Mama Dafroza alikuja Makambako bila taarifa. Nilitoka dukani nikamkuta amesimama kwenye kibaraza, amejifunga kitenge juu ya sweta, vumbi la njia nzima mpaka kwenye nyusi. Nikamkaribisha kwenye mgahawa wa jirani tukaagiza chai. Kabla haijaja akafungua kipochi akatoa bahasha iliyofungwa kwenye nailoni mara mbili.

"Nimekipata, mwanangu," akasema. "Nimekwenda wilayani Ludewa mara tisa. Nimepeleka mashahidi, nimepeleka kitabu cha ubatizo cha parokia. Sasa Tarsis ana karatasi yake. Mtumie huko aliko, arudi kama watu wanavyorudi."

Kilikuwa cheti cha kuzaliwa. Tarsis Mtweve, na tarehe, na jina la baba yake, na jina lake yeye mama. Kipya, wino mweusi kabisa. Nilikishika kwa kingo kama kitu cha moto. Akaniambia, "Soma kwa sauti, mimi macho yangu ya karibu yameharibika." Nikajaribu. Tangu siku ile hospitalini nilikuwa sijalitamka jina lile kwa kinywa changu, hata nikimdanganya huyu mama kwenye simu nilisema "mwanao." Nilifika kwenye herufi ya kwanza nikakwama. Akadhani nalia kwa furaha. Akanipigapiga mgongoni, akanisukumia chai.

Sikumwambia. Nilikipokea, nikamsindikiza stendi, akapanda gari la Njombe apate la Ludewa la kumfikisha Lugarawa, akanipungia mkono dirishani. Nikakaa na cheti kile ndani wiki tatu. Nilikiweka juu ya kabati, nikakihamishia chini ya godoro, nikakirudisha. Hatimaye Angela alikiona akaniuliza. Nikamwambia yote, mara ya kwanza kumwambia mtu. Alikirudisha cheti ndani ya bahasha. Kisha akasema, "Kesho usiende dukani. Nenda kwa baba mkubwa."

Nikaenda kwa baba mkubwa Abrahamu. Unamjua alivyo, hasemi upesi. Alinisikiliza mpaka mwisho akavaa koti lake la kanisani akasema, "Twende Lugarawa. Msiba haupelekwi na mtu mmoja, na huu una miezi sita."

Tulifika mchana, mwanzoni mwa mwezi wa sita. Mama Dafroza alikuwa anapukuchua mahindi na Elius. Alipotuona tumevaa masuti akasimama, mahindi yakamwagika kutoka kwenye kanga. Baba mkubwa akaomba tuingie ndani. Akasali kwanza. Kisha akanigeukia, "Sema wewe."

Nikasema. Nilisema kama nilivyokuandikia, pasipoti, gogo, hospitali. Elius alitoka nje katikati ya maneno, tukamsikia akipiga ukuta. Mama hakutikisika. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu.

"Alipata padre?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Alimwomba. Mimi ndiye niliyezuia."

Akakaa. Kuku waliingia ndani, hakuna aliyewafukuza. Akanyoosha mkono, "Lete hiyo karatasi ya kifo." Nikampa. Akamwita Elius aje amsomee. Elius akasoma huku macho yamevimba: Lameki Mlowe, mwanamume, Mtanzania. Akamwambia arudie. Akarudia. Kisha akaomba na cheti cha kuzaliwa, nilikuwa nacho, akaviweka viwili mapajani, kimoja paja hili, kimoja paja lile.

"Yangu inasema Tarsis amezaliwa," akasema. "Yako inasema Lameki amekufa. Sioni mahali Tarsis amekufa."

Baba mkubwa akajaribu kumweleza taratibu. Akamkatiza kwa heshima. "Baba, huyu kijana ameniambia mwanangu amenenepa. Ameniambia anaimba kwaya. Leo ananiambia amekufa. Kwa nini niamini la leo nisiamini la jana?" Akanitazama mimi. "Mlete huyo Lameki. Mlete hapa nyumbani nimwone kwa macho, nimshike. Nikimkuta yu hai, basi nitajua aliyeko kaburini ni wangu. Mpaka siku hiyo sivai kaniki ya msiba, wala padre asinisomee misa."

Tukaondoka. Alitufungia mahindi ya kuchoma ya kula njiani, kaka. Hilo nalo sijui niliweke wapi.

Mama yetu nilimwambia Jumapili iliyofuata, baba mkubwa akiwapo. Alisikia hadi pale pa msalaba wenye jina lako. Akapiga yowe, akakimbilia chumbani akachukua picha yako ya mahafali, akatoka nayo uani kuwaonyesha majirani, "Yuko hai, huyu yuko hai!" na majirani wakadhani amepata habari za kifo chako, wakaanza kukusanyika. Kazi ilikuwa kuwatawanya. Siku nne hakula chakula nilichonunua. Amenisamehe kwa kiasi, na amekubali asikuambie mpaka nikuandikie mwenyewe. Anasema kilichobaki utakisamehe wewe kwanza, ndipo yeye aone.

Baada ya hapo nilikwenda mwenyewe Njombe kwa watu wa uhamiaji nikaandika maelezo. Sikukamatwa siku ile. Naripoti kila Jumatatu, na kesi itakuja, wameniambia nijiandae. Wewe hutaguswa, nimeeleza kwamba hukujua lolote. Lakini ili jina lako litolewe kwenye vifo vya Malawi, na la Tarsis liandikwe, lazima mwenye jina aje mwenyewe aape kwamba yu hai. Hakuna anayeweza kukuapia.

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikuombi unisamehe, kaka. Hilo ni lako na una muda. Nakuomba uje. Njombe utakaa nusu siku, utaweka sahihi utakapoonyeshwa. Kisha Lugarawa.

Sijakuficha mengine, na hili nisikufiche. Elius alinipigia juzi. Anasema mama yake amekisiriba upya chumba cha Tarsis, ameweka godoro jipya, ameweka na pazia. Majirani wanamuuliza anajiandaa kumpokea nani. Anawajibu kwamba kijana anarudi kutoka Malawi. Wanamuuliza, "Tarsis?" naye anainama anaendelea na kazi. Kwa hiyo habari imeenea misheni nzima. Kwaya imeshaanza mazoezi. Elius amejaribu kuwaambia ukweli, wanamwona ana wivu na kaka yake.

Ukishuka kwenye gari utakuta watu wamejaa mpaka barabarani, na wewe kwa mbali unafanana naye. Vigelegele vitapigwa. Watakushangilia mpaka uwe karibu, halafu kuanzia walio mbele utaona wananyamaza, mmoja mmoja, mpaka nyuma. Usisimame, kaka. Usinitafute kwa macho wala usiseme wewe ni nani. Pita tu katikati yao, yeye atakuwa ameketi mlangoni. Mpe mikono yako yote miwili aishike, umwache aanze kulia.

Nisalimie sana shemeji Jackline, umwambie asinichukie upesi. Wasalimie watoto. Mama, baba mkubwa Abrahamu na Angela wanakusalimu na wanakusubiri. Bwana akulinde njiani, akufikishe ukiwa mzima, mwenye pumzi na jina lako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuogopa,

Remmy Mlowe.